Kinanda Kilichowafundisha Watu Kuruka

Bila shaka mnakijua kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga kwa miguu. Mpigaji anapokanyaga, mivukuto iliyo ndani huendesha hewa, hewa hupita katika ndimi nyembamba za chuma, na sauti hutoka. Tena Wahaya hatuhitaji kuelezwa mvukuto ni nini. Huko Katuruka, karibu na Maruku, wataalamu wamefukua matanuri ya wazee wetu waliofua chuma kadiri ya miaka 2000 iliyopita, na matanuri hayo yalipulizwa hewa kwa mivukuto.

Lakini je, mngefikiri kwamba mtu aliweza kuichukua mivukuto ya kinanda, akaunda chombo cha kuwafundisha marubani wa eropleni? Tena chombo hicho hakikuruka hata kidogo, kilikaa sakafuni siku zote. Walakini watu waliofunzwa ndani yake walizidi nusu milioni. Ndivyo ilivyokuwa, na leo nataka kuwasimulia habari hizo.

Nina sababu mbili za kuziandika. Ya kwanza mnaijua. Uwanja wa ndege wa Bukoba uko ukingoni mwa ziwa, na siku ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa ikija kutua ilianguka majini. Ndani walikuwamo watu 43. Wenzetu 19 walikufa, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Wavuvi wetu walikimbilia huko kwa mitumbwi, wakasaidia kuwaokoa watu. Sisemi hapa sababu ya ajali ile. Hiyo ni kazi ya wachunguzi. Lakini tangu siku ile wengi huuliza: rubani hujifunzaje kazi yake? Hujifunzaje kushinda mvua na mawingu, naye hawezi kwenda kufanya jaribio la hatari akiwa na watu ndani?

Sababu ya pili ni vijana wetu. Siku hizi karibu katika kila kijiji yuko kijana anayefungua redio mbovu, anayeokota mota za magari yaliyokufa, na kusema, “Mimi nitaunda ndege.” Wazazi wengine humcheka, wengine humpiga, na wengine humwacha tu mpaka aumie. Nataka kuonyesha kwamba iko njia ya nne.

MWANA WA FUNDI VINANDA

Edwin Link alizaliwa Marekani mwaka wa 1904. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, na kijana alikulia humo. Alijifunza kuunda na kutengeneza vinanda vikubwa, na vile vinavyojipiga vyenyewe kwa nguvu ya hewa.

Mwaka wa 1920, akiwa na miaka 16, alikwenda kupata somo lake la kwanza la urubani. Alilipa dola 50 kwa saa moja tu, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Naye mwalimu alimpandisha juu, akampindua kichwa chini miguu juu, akamzungusha huku na huku, kisha akamrudisha chini. Kijana hakuugusa usukani hata mara moja! Fedha zimekwenda, na somo hakulipata.

Mwingine angekata tamaa. Link alianza kuwaza: kwa nini mtu alipe fedha nyingi namna hii, na kuhatarisha maisha yake, ili ajifunze mambo ya kwanza kabisa? Je, haiwezekani kujifunza kuushika usukani chini, mahali ambapo kosa haliui?

Basi tangu mwaka wa 1927, katika chumba cha chini cha kiwanda cha baba yake, alianza kuunda chombo. Hakuwa na vyuma vya eropleni. Alikuwa na vitu vya vinanda: mivukuto, vali, mipira ya kupitishia hewa na pampu. Kazi ilimchukua kadiri ya miezi 18, na mwaka wa 1929 aliomba hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake.

Chombo chenyewe kilikuwa hivi. Fikirini sanduku la mbao lenye umbo la eropleni fupi, lina mabawa madogo na mkia. Ndani mna kiti kimoja, fimbo ya usukani, na pedali mbili za miguu. Sanduku limekalia kiungo kinachopinda kila upande, na chini yake iko mivukuto minne: mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja kuume na mmoja kushoto. Mota ya umeme inaendesha pampu inayofyonza hewa.

Mwanafunzi akiivuta fimbo kifuani, vali hufunguka na hewa hufyonzwa katika mvukuto wa nyuma, nao hunywea. Ule wa mbele hujaa, na pua ya sanduku huinuka. Akiisukuma mbele, pua hushuka. Akiilaza kuume, sanduku hulala kuume. Akikanyaga pedali, mtambo mwingine wa mivukuto midogo, kama ule wa kinanda kinachojipiga, hulizungusha sanduku lote juu ya kitako chake. Mtu aliyepata kupanda mtumbwi anazijua mwendo hizi tatu: pua kupanda na kushuka katika wimbi, ubavu kulala, na mtumbwi kugeuka. Eropleni nayo ina hizo hizo.

Je, watu walimpokeaje? Walimcheka. Shule za urubani ziliona ni mchezo wa watoto, na vyombo vya kwanza vilinunuliwa na viwanja vya michezo, ambako watu walitia sarafu na kuzungushwa kwa furaha yao. Link hakuvunjika moyo. Alifungua shule yake mwenyewe, akaendelea kukitengeneza chombo chake. Mwaka wa 1931 alimwoa Marion Clayton, mwandishi wa magazeti, naye akawa mwenzake katika kazi hiyo.

MAWINGU HUDANGANYA

Sasa yafaa tueleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini chombo hicho kiliokoa watu.

Ndani ya sikio la mtu Mungu ameweka mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo, yanainamisha vinywele vidogo sana, na vinywele huupasha ubongo habari: “Tunageuka.” Hicho ndicho kipimo chetu cha kusimama wima. Lakini kipimo hicho kilifanywa kwa mtu anayetembea juu ya ardhi, si kwa mtu aliye ndani ya wingu.

Jaribuni nyumbani. Mketishe mtoto mkubwa juu ya kiti kinachozunguka, afumbe macho. Mzungushe polepole kwa mwendo ule ule. Baada ya kitambo kidogo atasema amesimama, kumbe bado anazunguka. Majimaji yamekwisha kufuata mwendo. Kisha msimamishe kwa upole. Mara atasema anazunguka upande wa pili! Hasemi uongo. Mwili wake ndio unaomdanganya.

Hayo ndiyo yanayompata rubani katika mawingu. Nje haoni ardhi wala upeo wa macho. Eropleni inaanza kulala ubavu polepole, naye haoni tofauti. Anapohisi mwendo umezidi, anavuta usukani, kumbe anazidi kujizungusha kama jani linaloanguka. Mwaka wa 1954 Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani kiliwajaribu marubani 20 wasiofunzwa kuruka kwa kutazama saa za ndege peke yake. Waliwekwa katika hali ya kutoona nje, mwalimu akiwa kando yao. Wote 20 walishindwa kuimiliki ndege, na kwa wastani ilichukua sekunde 178 tu. Hizo hazifiki dakika tatu. Ni muda wa kusali Salamu Maria chache tu, wala si rozari nzima.

Dawa yake ni moja: rubani afunzwe kutoyasikiliza mapigo ya mwili wake, bali aziamini saa zilizo mbele yake. Kuna saa ya mwendo, upeo wa macho wa bandia, saa ya urefu, saa ya kupinda, dira, na saa ya kupanda na kushuka. Lakini kuamini saa wakati mwili wote unapiga kelele kwamba saa ni mwongo, si jambo la kusoma kitabuni. Lazima ulizoee, nawe huwezi kulizoea bila kukosea mara nyingi. Na angani kosa la kwanza laweza kuwa la mwisho.

BARUA ZILIZOLETA MSIBA

Mwezi wa Februari 1934 serikali ya Marekani ilivunja mikataba na makampuni yaliyochukua barua kwa ndege, ikawapa kazi hiyo marubani wa jeshi. Ilikuwa majira ya baridi, theluji na ukungu, na wengi wao hawakuwa wamefunzwa vya kutosha kuruka bila kuona nje. Katika miezi michache marubani zaidi ya kumi walikufa. Si vitani, bali kwa sababu ya barua!

Ndipo wakubwa wa jeshi walipomkumbuka yule fundi vinanda. Walimwita uwanja wa Newark wamwulize habari za chombo chake. Siku hiyo hali ya hewa ilikuwa mbaya sana, ukungu umefunika kila kitu, wakaona hawezi kufika. Mara wakasikia mlio wa ndege, na Link akatua. Alikuwa amejifunza vema kuzifuata saa zake, na hapo hakukuwa na haja ya maneno mengi. Mwezi wa Juni 1934 jeshi liliagiza vyombo sita, kila kimoja kwa dola 3,500.

Tangu hapo kazi ilikua. Sanduku likafanyiwa kifuniko ili mwanafunzi akae gizani na saa zake tu. Mwalimu aliketi mezani kando, akasema naye kwa simu ya masikioni. Juu ya meza kilikuwapo kijitambo chenye magurudumu matatu kilichotembea juu ya ramani na kuchora kwa wino njia ambayo mwanafunzi “ameruka”. Somo likiisha, mwanafunzi aliuona upotevu wake wote umeandikwa karatasini! Katika vita kuu ya pili vyombo hivyo vilifika kadiri ya 10,000, na marubani zaidi ya 500,000 walipita ndani yake. Watu walikiita Sanduku la Buluu, kwa ajili ya rangi yake. Edwin Link alifariki mwaka wa 1981.

PIPA LA WAFARANSA

Msidhani kwamba Link alikuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Kadiri ya mwaka wa 1910, huko Ufaransa, shule ya ndege zilizoitwa Antoinette ilikuwa na chombo rahisi kabisa. Walichukua pipa, wakalipasua, wakaweka nusu moja juu ya nyingine. Mwanafunzi aliketi katika ile ya juu, walimu wakaisukuma kwa mikono huku na huku, naye alitumia mikono ya usukani kuirudisha sawa, akiulinganisha mti uliokuwa mbele yake na upeo wa macho. Hapakuwa na umeme, wala mota, wala vali. Pipa tu, na akili.

Nawaomba vijana mlishike neno hili la pipa. Tutalirudia.

MIGUU SITA

Na leo mambo yakoje? Marubani wa ndege za abiria hujifunza katika vyumba vinavyofanana kabisa na chumba cha mbele cha ndege yenyewe, kila kitufe mahali pake. Chumba hicho kimesimama juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika. Miguu ya namna hiyo ilitokana na kazi ya watu wachache. Mmoja wao, Eric Gough, mwaka wa 1954 aliunda mtambo wa miguu sita huko Uingereza, tena si kwa ndege bali kwa kupima mipira ya magari. Madirisha huonyesha picha ya uwanja wa ndege, mvua na radi. Huko Addis Ababa, Ethiopia, iko shule ya namna hiyo inayopokea watu kutoka nchi nyingi za Afrika.

Mtauliza: chumba kisichokwenda popote chawezaje kumfanya mtu aone anakimbizwa kwa kasi uwanjani? Hapa wametumia udhaifu ule ule wa mwili. Basi linapoondoka kwa nguvu stendi ya Bukoba, mgongo wako unabanwa katika kiti. Sasa, mtu akiketi mahali asipoona nje, na kiti kikainamishwa nyuma polepole, mgongo wake utabanwa vilevile, kwa uzito wake mwenyewe. Macho yakionyeshwa picha ya njia inayokimbia, ubongo husema, “Tunaondoka!” Kumbe mtu amelazwa kidogo tu.

Humo ndimo rubani anamofundishwa mota moja ikifa wakati wa kuruka, moshi ukijaa, upepo ukigeuka karibu na ardhi. Anaanguka, anatolewa jasho, kisha mwalimu anabonyeza kitufe na kusema, “Rudia.” Kwa desturi marubani wa abiria hurudi humo kupimwa kila baada ya miezi sita, hata kama wana mvi. Hebu wazieni: kazi ngapi nyingine zinamtaka mzee apimwe tena namna hiyo?

VIJANA WETU WAWEZA NINI?

Sasa narudi kwa yule kijana wa mota mbovu. Ndugu yangu kijana, nakusihi, usianze na chombo cha kuruka. Mjerumani Otto Lilienthal alikuwa mtu hodari kuliko wote wa wakati wake. Aliunda mabawa na kuruka nayo mara nyingi, walakini mwaka wa 1896 alianguka na kufa. Tena katika nchi yetu hakuna ruhusa ya kurusha ndege bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Anza na chombo kinachokaa chini. Ukikosea, utacheka, na mama yako hatalia.

Hatua ya kwanza ni ile ya pipa. Tafuta kiti cha gari lililokufa. Chini yake, katikati, kaza kile kiungo cha propela shafti kinachopinda pande mbili. Upande mmoja ushike kiti, upande wa pili ushike kitako kizito cha mbao au cha vyuma vya pembe. Kwenye pembe nne weka springi za gari au za pikipiki, ili zibebe uzito na kukirudisha kiti katikati. Funga miti pembeni, na wenzako wanne waishike. Mbele yako simamisha ufito uliolala. Sisi wa Rubafu tumepewa kitu ambacho wengi hawana: ziwa kubwa, na mstari mnyofu mahali maji yanapokutana na mbingu. Geuza chombo kitazame ziwa. Wenzako wakusukume, nawe uwaelekeze kwa fimbo yako mpaka ufito na upeo wa ziwa viwe sawa. Kisha mfunikwe macho, mmoja mmoja, mjaribu kusema kiti kimelalia wapi. Hapo mtajifunza kwa miili yenu yale niliyoyaeleza juu ya mawingu.

Hatua ya pili ni ya mota. Mota inayotumiwa na mafundi wa nyumbani wa nchi nyingi ni ile ya waipa ya gari. Inakwenda kwa betri ya volti 12, na ndani ina gia ya skrubu inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Mbili zatosha. Ziweke nyuma ya kiti, moja kuume na moja kushoto, kila moja na mkono wa chuma na fito inayofika kwenye kiti. Zote mbili zikisukuma juu, kiti kinainama mbele. Zikivuta chini, kinalala nyuma. Moja ikipanda na nyingine ikishuka, kinalala ubavu. Kumbuka kwamba springi ndizo zinazobeba uzito. Mota zinaelekeza tu, ama sivyo zitaungua.

Mota peke yake haijui imefika wapi. Kwa hiyo chukua kile kifaa cha kuongezea sauti katika redio mbovu, ukifunge kwenye mhimili wa mota. Kinapozungushwa, umeme unaopita hubadilika, na bodi ndogo ya elektroniki husoma badiliko hilo na kujua mkono umefika pembe gani. Bodi hiyo hupokea habari kutoka kompyuta, hulinganisha mahali mkono ulipo na mahali unapotakiwa, na kuiamuru mota kwenda mbele, kurudi au kusimama, kwa njia ya kifaa kingine kinachohimili umeme mwingi wa mota. Huo ndio moyo wa mtambo wote: kutazama, kulinganisha, kusahihisha. Hata Sakramenti ya Kitubio hutaka tuanze kwa kuchunguza mahali tulipo!

Kwa kompyuta, ya zamani kidogo yaweza kufaa. Iko programu iitwayo FlightGear, inayotolewa bure kwa watu wote, nayo inaweza kutuma nje habari za kuinama kwa ndege ili mota zizifuate. Ubao wa saa waweza kuufanya kwa mbao nyembamba na kioo cha televisheni kuukuu nyuma yake. Fimbo na pedali huundwa kwa mabomba na bawaba, zikiwa na vile vifaa vya redio mwisho wake.

Haya sasa maonyo, nayo msiyaruke:

Usichukue umeme moja kwa moja kutoka nguzo au mita. Tumia betri, na weka fyuzi karibu na betri.

Weka swichi kubwa nyekundu mahali mkono wa aliyeketi unapofika, na nyingine kwa mwenzake aliye nje, ya kukata umeme wote mara moja.

Mikono ya mota ifunikwe. Mota ya waipa ni ndogo, lakini vidole vya mtoto ni vidogo zaidi.

Kiti kisiinuliwe juu, wala kisiinamishwe sana. Kidogo chatosha kuudanganya mwili. Aliyeketi afungwe mkanda. Akianza kichefuchefu, asimamishe, apumzike.

Na la mwisho, ambalo ni la kwanza: usinunue chuma usichojua kilikotoka. Waya za umeme, alama za barabarani na vifuniko vya mitaro huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Chombo cha kujifunzia kilichoundwa kwa mali ya wizi kimekwisha kuanguka kabla hakijaruka. Amri ya saba haina ruhusa kwa mafundi.

Tena tusidanganyane. Saa unazokaa katika chombo cha nyumbani hazihesabiwi katika leseni ya urubani. Lakini kijana aliyeunda chombo hicho amekwisha kujifunza umeme, gia, hesabu za pembe, na uvumilivu. Akifika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam kujifunza ufundi wa ndege, au VETA kujifunza umeme, hatakuwa mgeni.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wapendwa, huko Malawi alikuwako kijana aitwaye William Kamkwamba. Wakati wa njaa ya mwaka wa 2001 na 2002 aliacha shule ya sekondari kwa kukosa karo. Akaenda maktaba ya karibu, akasoma kitabu cha Kiingereza akitazama zaidi picha zake, na akaokota vyuma: baiskeli kuukuu, feni ya trekta, mabomba ya plastiki. Watu walisema ameharibika akili. Naye akasimamisha mtambo wa upepo uliowasha taa nyumbani kwa baba yake. Mwaka wa 2014 alimaliza masomo ya chuo kikuu huko Marekani.

Si kila mtoto atakuwa Kamkwamba, wala si kila fundi vinanda atakuwa Link. Wengi watabaki na rundo la vyuma nyuma ya nyumba, na mama hatapata mahali pa kuanika kahawa. Nayajua malalamiko hayo, nayo ni ya haki. Ndiyo maana nasema mpeni mtoto pembe moja, si ua mzima. Saa fulani, baada ya shule na kazi za shambani. Na daftari, aandike kila alichojaribu na kilivyoharibika. Baba akague swichi ile nyekundu kwa mkono wake mwenyewe. Na ikiwa mnaye binti anayependa mambo haya, naye apewe pembe yake. Mivukuto haiulizi anayeikanyaga ni mwanamume au mwanamke.

Yule baba wa Binghamton angaliweza kumwambia mwanawe, “Acha kuharibu mivukuto yangu, vinanda vinangoja.” Alimwachia chumba cha chini. Kwa ajili ya chumba hicho watu wengi sana walirudi nyumbani salama, nao hawakujua hata jina la mzee yule.

Kanisa nalo halikuwasahau warukao. Tarehe 24 Machi 1920 Baba Mtakatifu Benedikto XV alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa marubani, kwa sababu ya mapokeo kwamba nyumba takatifu ya Nazareti ilichukuliwa na malaika mpaka Loreto, nchini Italia. Sikukuu yake ni tarehe 10 Desemba. Siku hiyo tuwakumbuke wale 19 wa mwaka wa 2022, Bwana awape raha ya milele. Tuwaombee marubani wanaopita juu ya ziwa letu katika mvua ya masika, na wavuvi wanaokimbilia wenzao bila kuitwa.

Na tukitoka kanisani, twende tukaikague swichi nyekundu.